Kiti cha Heshima Kilikuwa Mbele

Mwinjilisti alinipendea uzito wangu. Ningependa kuandika kwamba alinipendea tabia, au ufundi wangu wa kufunga umeme wa jua, lakini watu wa ziwani wangenicheka. Siku ya kwanza aliponiona nikishuka kwenye gari pale ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Kyela, alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, akanizunguka kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani, kisha akamwambia mzee wa kanisa aliyekuwa kando yake, "Huyu Bwana ametuletea. Atakaa mbele."

Nilidhani nimepewa heshima. Nikashukuru, nikaenda kukaa mbele, na mbele nikabaki kwa miaka yote niliyofanya kazi kule.

Boti yenyewe ilikuwa mali ya usharika, ya faiba, ya rangi ya bluu iliyopauka, na nyuma yake ilining'inia mashine ambayo Mwinjilisti aliitunza kuliko meno yake. Alikuwa akiihudumia mitaa ya usharika iliyo chini ya Milima ya Livingstone, kule ambako mlima unashuka moja kwa moja hadi majini na barabara haina pa kupita. Mimi nilikuwa nafunga taa za sola kwenye makanisa na zahanati za vijiji hivyo hivyo. Kwa hiyo tulisafiri pamoja, yeye na Biblia yake, mimi na betri zangu. Mimi ni mtoto wa Kihesa, Iringa. Maji mengi niliyokuwa nimeyaona kabla ya hapo ni ya Ruaha Mdogo, nayo niliyatazama kutoka darajani, nikiwa nimeshika chuma.

Betri alizipenda kuliko mimi. Alisema betri haishtuki wimbi likija.

Sasa, ili umwelewe Mwinjilisti, lazima kwanza uelewe tatizo la viti. Kwenye boti kama ile, nyuma ndiko kukavu. Mbele kunarushiwa maji. Na katika usharika ule, kama ilivyo kwa watu wowote wenye adabu, mkubwa hapewi mahali pabaya. Wazee wa kanisa, watu waliokula ndizi na wali wa Kyela maisha yao yote na miili yao ikaonyesha shukrani, wote walikaa nyuma karibu na mashine. Mbele wakabaki vijana wembamba na vikapu. Ukiwapanga watu kwa heshima namna hiyo, boti inakaa kitako kama mbwa. Pua inatazama mbinguni, mashine inaunguruma, mafuta yanateketea, na kijiji unachokiendea kinabaki pale pale kilipokuwa.

Mwinjilisti hakuweza kumwambia mzee aliyemsimamia ndoa, "Baba, sogea, wewe ni mzito." Maneno ya namna hiyo hayakuwa kinywani mwake. Kwa hiyo alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa mimi, mtu mzito asiye na cheo, tena mgeni, tena Mhehe. Ya pili ilikuwa kiti. Alichukua kiti cha plastiki, akakikata miguu, akakifunga kwa kamba kwenye benchi la mbele kabisa, kisha akakitandikia kitambaa cheupe cha kufuma ambacho mkewe alikitoa kwenye makochi yake kwa manung'uniko makubwa. Akija mgeni wa kimo, Mwinjilisti aliinama kidogo, akanyoosha mkono kuelekea puani mwa boti na kusema, "Baba Mchungaji, kiti cha heshima kiko mbele."

Mgeni akaenda mbele, pua ikashuka, boti ikakimbia vizuri kabisa, na Baba Mchungaji akafika na hotuba iliyolowa. Mimi siku hizo nilihamishiwa benchi la pili na kujiona nimestaafu.

"Mwinjilisti, hii siyo dhambi?" nilimuuliza mara moja tulipokuwa wawili tu.

"Dhambi gani? Nimesema ni cha heshima. Nani amesema ni kikavu?"

Sikuwahi kumsikia akisema uongo mahali pengine popote. Hata mtu akimuuliza kama kwaya imeimba vizuri, alijibu kwa ukweli uliowafanya waimbaji wasitake kumwona kwa wiki nzima. Uongo wake wote aliuweka kwenye kiti kile.

Uzito ukishapangwa, kulikuwa na pini. Mashine ile ilishikwa nyuma ya boti na bamba lenye matundu yaliyopangana, na ndani ya tundu mojawapo ilipita pini ya chuma. Hamisha pini kwenye tundu la ndani, mguu wa mashine unasogea karibu na boti na pua inashuka. Hamisha tundu la nje, mguu unasogea mbali na pua inapanda. Ni jambo dogo, linaelezeka kwa mtu yeyote, na mimi nililielewa siku ya kwanza, ndiyo maana nilidhani nimelijua. Mwinjilisti alikuwa akihangaika nalo kila safari kama mtu anayetafuta chumvi sahihi kwenye mboga. Tukifika katikati ya ziwa, abiria wameshaanza kusinzia, utasikia mashine imezimwa. Kimya. Mawimbi yanapiga pembeni. Mwinjilisti anainua mashine, anachomoa pini, anaiweka tundu la pili, anaishusha tena mashine, anavuta kamba ya kuiwasha.

"Kuna nini?" abiria wanauliza.

"Kidevu," anajibu. "Ilikuwa inainua kidevu."

Pua ya boti aliiita kidevu. Alikuwa na namna nyingi za kujua kama kidevu kimekaa sawa, na hakuna hata moja iliyohitaji kuangalia mbele. Alitazama nyuma, kwenye maji yanayoachwa na boti, kama yanakunjuka taratibu au yanachemka. Alisikiliza mashine. Alipima kwa kiganja jinsi mpini wa kuongozea boti unavyovuta, kwani ikiwa imepangwa vibaya mpini unakuvuta upande mmoja mpaka bega linauma. Zaidi ya yote alitumia makalio, na hilo alilisema wazi bila haya mbele ya kina mama wa kikundi cha maombi. Nikisogea kidogo tu kwenye benchi langu ili nijikune, nilisikia kutoka nyuma, "Mhehe! Kaa hapo hapo!"

Asidhani mtu kwamba nilikuwa nasafiri na mtakatifu. Alivaa tai na mabuti ya mvua kwa pamoja, na akiulizwa alisema tai ni ya Mungu, mabuti ni ya ziwa. Alihubiri uvumilivu kwa muda mrefu na kwa sauti ya juu, lakini hakuweza kumngoja mtu amalize chai. Aliwabeba bure wagonjwa, wajane, watoto wa shule na mbuzi wao, kisha akainua dumu la mafuta juani na kulitazama kwa uchungu kama mtu aliyefiwa. Hakujua kuogelea. Niligundua hilo baada ya kusafiri naye muda mrefu, na usingizi wangu ukaharibika.

"Sasa tukizama?"

"Ndiyo maana nahangaika na pini," alisema.

Jambo moja nililitaka kwake kwa moyo wangu wote, na ni aibu kwa mtu wa umri wangu kulitaja. Nilitaka kushika mpini. Nilitaka nikae nyuma, mahali pakavu, upepo unipige usoni, watoto wa vijijini wanione nikikata kona na waseme nahodha huyo. Nilikuwa nimeshajipiga picha nikiwa nimeushika, boti ikiwa imefungwa kwenye mti. Ndugu zangu wa Iringa walinipigia simu kunipongeza na sikuwasahihisha.

Nilimwomba kwa kicheko, nikamwomba kwa sala, nikamfungia taa ya bure barazani kwake. Mwishowe alasiri moja ziwa likiwa limetulia akasema, "Haya. Leo nitakaa mbele mimi. Tundu la pini chagua mwenyewe."

Tulikuwa tunatoka kijiji cha wafinyanzi, na boti ilikuwa imejaa vyungu na kina mama waliokuwa wakivipeleka sokoni Matema. Vyungu vile vinafungwa kwa majani makavu ya migomba na kupangwa kimoja ndani ya kingine, na wenyewe wanaketi katikati yake wakivishika kwa magoti. Kabla ya kila safari Mwinjilisti alikuwa na desturi ya kuomba. Siku ile aliomba muda mrefu kuliko kawaida, na nilimsikia akitaja vyungu.

Nikachagua tundu la nje kabisa. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimeona boti za wenye nazo kwenye simu, zinavyoinua pua, na nikaona hivyo ndivyo boti inavyopaswa kutembea. Nikavuta kamba, mashine ikaitika, nikazungusha mpini. Kidevu kikapanda. Kikaendelea kupanda. Mimi mwenyewe nilikuwa nyuma na tumbo langu lote, jambo ambalo sikuliweka kwenye hesabu kwa kuwa halikuwahi kuwa nyuma. Kisha boti ikaanza kudunda. Inapanda, inashuka pwaa, inapanda, inashuka pwaa. Nikaona dawa ni kuongeza moto. Propela ikakamata hewa badala ya maji, mashine ikapiga yowe, na boti yenyewe haikuenda popote zaidi ya juu na chini.

"Mwe! Baba, zima!" alipiga kelele mama mmoja. "Unatwanga nini humo?"

Nilizima. Kukawa kimya, na katika kimya kile vikasikika vyungu vikimalizia kupasuka, taratibu, kimoja kimoja. Nilitamani ziwa linimeze, lakini kwa uzito wangu hata hilo lingewachelewesha wenzangu. Mwinjilisti aligeuka kutoka kwenye kiti cha heshima, tai imelowa, akanitazama bila hasira.

"Umesikia ilivyokuwa inakwambia?"

"Nimesikia mashine inalia."

"Sasa mtu akilia, wewe unampiga?"

Wale mama hawakunitukana. Walifanya jambo baya zaidi, waliniambia vyungu vilivyopasuka sasa ni vyangu na kwamba nisiache hata kimoja. Nilishuka Matema mikononi na makwapani nimejaa vigae, soko zima linatazama. Kimoja kilikuwa kimepasuka ukingo tu. Hicho nimekileta mpaka Kihesa, mke wangu amepanda maua ndani yake, na akiulizwa na wageni anawaambia ni zawadi kutoka kwa kina mama wa ziwani.

Mpini sikupewa tena. Sikuthubutu kuomba.

Watu pia aliwapima kwa kidevu. Bwana harusi mmoja aliyeingia kanisani na miwani ya jua, Mwinjilisti aliniegemea na kuninong'oneza, "Huyu anahitaji tundu la ndani." Mhubiri mmoja mgeni aliyeanza polepole, macho chini, karatasi chini, Mwinjilisti alisema huyo amezidisha kukishusha, atachimba maji. Mimi alinipima mara nyingi. Nikirudi kutoka Mbeya mjini na simu mpya, alisema, "Mhehe, kidevu." Nilipofiwa na mama yangu, nikarudi kazini nikiwa mtu wa kutazama miguu yangu tu, hakusema neno kuhusu kidevu. Alinipakia kwenye boti peke yangu, bila wazee, bila betri, akanizungusha ziwani polepole mpaka nikachoka kulia. Hata dumu hakuliangalia tuliporudi.

Na siku tuliyombeba binti mmoja mjamzito niliona kwa nini alikuwa anahangaika vile. Ilikuwa asubuhi, upepo wa kusini umeshaanza, maji yamechafuka. Binti alikuwa na uchungu tangu jana yake na mkunga wa kijiji alikuwa ameshaanza kukwepa macho ya watu. Tulimlaza katikati ya boti juu ya magunia, mama mkwe wake akimshika kichwa. Kila mtu alijua kwamba boti ikidunda na binti yule akiwa amelala namna ile, hatafika. Mwinjilisti aliweka pini, akaomba kwa ufupi sana, tukaondoka.

Sijawahi kuona mtu akifanya kazi vile. Wimbi likija kutoka mbele alitaka kidevu kishuke kidogo ili boti ilipasue badala ya kulirukia. Tukigeuza kona ya mlima na wimbi likaja kutoka nyuma, alitaka kidevu kipande kisije kikachimba maji. Pini haiwezi kuhamishwa bila kuzima mashine, na kuzima pale kulikuwa ni kujiua. Kwa hiyo alinihamisha mimi. "Mbele. Mbele tena. Rudi. Rudi, Mhehe. Kaa hapo hapo." Nilitambaa kwa magoti na mikono juu ya mabenchi, mbele na nyuma, nimepita juu ya miguu ya binti yule sijui mara ngapi, suruali imepasuka mahali ambapo suruali haipaswi kupasuka, na boti haikudunda hata mara moja. Ilipita kwenye yale maji kama kijiko kwenye uji.

Alijifungua salama zahanatini, mtoto wa kike. Walimpa jina la mke wa Mwinjilisti. Mimi sikutajwa popote, nikasema sawa, kwani mtoto gani angetaka kubeba jina la mzigo wa kusawazishia boti. Lakini nilikuwa nimekaa ufukweni na suruali yangu iliyopasuka, nimefurahi kiasi kwamba machozi yalinitoka, na kwa mara ya kwanza sikuutamani mpini.

Kisha mkataba wangu uliisha nikarudi Iringa. Tulipigiana simu. Halafu mkewe akafariki, moyo wake yeye ukaanza kusumbua, na binti yake ambaye ameolewa Kihesa akaenda kumchukua ili awe karibu na hospitali. Akawa jirani yangu, mitaa michache tu kutoka kwangu.

Nilipokwenda kumsalimia sikumtambua haraka. Alikuwa amekaa juani amevaa koti zito, kofia ya sufu, na tai. Aliyekuwa ndani ya koti alikuwa amepungua sana. Mikono iliyokuwa ikiinua mashine ilishika kikombe kwa shida.

"Kamwene, Mwinjilisti," nikamsalimu kwa Kihehe kumchokoza.

"Ugonile, mzigo wangu," akajibu kwa salamu ya Kinyakyusa.

Alikuja kwangu siku za baadaye, akaona kile chungu cha maua mlangoni, akakishika ukingo uliopasuka. "Cheti chako bado unacho," alisema, na mke wangu akajua ukweli wote jioni ile ile.

Kitu kimoja tu alikitaka. Alitaka kukaa majini tena. Binti yake alisema hapana, daktari amesema apumzike. Mwinjilisti alimjibu kwamba kwenye boti mtu hukaa tu, anayefanya kazi ni mashine. Walibishana majuma kadhaa. Mwishowe yule binti alinifuata nyumbani, akasimama mlangoni na machozi yakimlengalenga.

"Kaka, mpeleke. Anasema hata asipopona, aende ameshashika maji. Lakini mrudishe. Unanisikia? Mrudishe."

Nikampeleka Mtera, kwenye bwawa. Tulipata boti kwa mvuvi mmoja Msukuma, ambaye baba yake aliteremka na ng'ombe mpaka Usangu, naye mwenyewe akaishia kwenye samaki. Alituonyesha mahali penye visiki vya miti iliyozama na kutukataza kupita. Kisha akanitazama mimi, akamtazama Mwinjilisti.

"Mzee, huyu mnene anajua kuendesha?"

"Anajua. Nimemfundisha mwenyewe," alisema Mwinjilisti. "Kutokea mbele."

Mashine haikuweza kuendeshwa na mikono yake, wote tuliliona hilo bila kulisema. Nikakaa nyuma. Nikaweka pini tundu la katikati, kama mtu mwenye akili. Yeye akaketi benchi la kati, akaomba, nikavuta kamba. Nilikuwa nimeungoja mpini ule miaka mingi, na sasa niliushika kwa mikono miwili.

Tulipoachana na ufukwe, kidevu kikapanda. Mimi nilikuwa nyuma na mwili wangu wote, na mbele yangu kulikuwa na koti. Boti ikaanza kudunda kidogo. Nilimwona akishika ubao wa pembeni, nikakumbuka moyo wake na maneno ya binti yake. Nikapunguza moto, nikakohoa.

"Mwinjilisti," nikasema, "kiti cha heshima kiko mbele."

Alicheka mpaka mabega yakatikisika. Akaenda, taratibu, akishika benchi baada ya benchi, akaketi puani kabisa akitazama maji. Nikaongeza moto kidogo nikingoja pua ishuke.

Haikushuka. Mtu mzima alikuwa amehama kutoka katikati hadi mbele, na boti haikusikia kitu. Kidevu kilibaki pale pale kilipokuwa.

Sikutaka kuzima mashine na kuhamisha pini, kwa sababu angejua. Kwa hiyo nikanyoosha mkono mmoja nyuma kwenye mpini, nikaanza kujivuta mbele kidogo kidogo, kwa makalio, nikainyanyua suruali isikwaruze ubao, mpaka mkono ukawa hauwezi kunyooka zaidi. Pua ikashuka. Kudunda kukaisha, mashine ikatulia, maji nyuma yakaanza kukunjuka taratibu.

Mbele, yeye hakugeuka. Mtu ambaye alikuwa akijua nikijikuna hakugeuka. Aliinua tu mkono mmoja, kofia ya sufu ikipepea masikioni.

"Umeona, nahodha?" alisema. "Kimeshuka."

"Nimeona, Mwinjilisti," nikamwambia. "Kaa hapo hapo."